Wifi Asiyekatika

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja mbao, mwingine tofali, na siku hiyo lilibeba watu kuliko kawaida kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kawaida: tovuti ya mtaa ilikuwa ipande hewani kabla jua halijazama, na ikishindikana ndiyo basi, maana aliyeitengeneza, mwalimu wa kompyuta, kahamishwa kituo na kesho alfajiri anaondoka. Mwalimu alikuwa ndani kwa kinyozi, kompyuta mapajani, waya ukutani. Nje, kwenye ncha ya benchi, alikaa mdogo wake wanayemwita Mama Mchanga, mtoto mgongoni, sikio moja ndani na jingine nje, maana yeye tovuti hii hakuitaka kwa fahari. Siku si nyingi zilizopita mtoto alishikwa na degedege mchana kweupe, akatoka naye mbio, huyu anamwambia kimbilia zahanati ya sokoni, yule anamwambia ile imefungwa nenda ya mlimani, akafika ya mlimani muuguzi hayupo, akageuka, na mpaka leo hajui alifikaje mahali palipokuwa na mtu. Mtoto alipona, mama hakupona. Ndipo akamwomba dada yake: nifanyie mahali pamoja ambapo mtu akitazama tu anajua zahanati gani iko wazi sasa hivi, nani yuko zamu, na nani ana gari.

— Hewani, alisema Fundi Paa, mpiga mabati, huku akitazama juu kama anayepima. Mimi nauliza, hewani wapi? Maana nguzo ya kuishikilia hamjaniagiza.

— Haishikiliwi na nguzo, Fundi, alijibu kinyozi, ambaye kwa kusoma magazeti ya wateja wanaosubiri kapewa jina la Profesa. Inaelea. Ndiyo maana wahenga wakasema, ukiona vyaelea, jua vimepanda hewani.

— Wahenga walisema vimeundwa.

— Hao wa kwenu. Wa kwetu walikuwa na mtandao.

Bi Kahawa, mwenye birika na vikombe, aliwajazia wote wawili wapate kuendelea.

— Neno lenyewe lisikilizeni, alisema Profesa. Kitovu, tovuti. Ni mambo ya mwili haya. Dunia ina kitovu chake mahali, nyuzi zote zimefungwa hapo, ukibonyeza huku, kule wanasikia njaa.

— Mimi nilidhani kuna mtu ndani anaandika, alisema Bi Kahawa.

— Wapo, Fundi Paa akadakia. Tena wengi, wanapokezana. Umewahi kujiuliza kwa nini mchana simu inakuwa nzito? Wanakula.

— Na wakishiba?

— Wanalala. Ndipo unaona kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Hicho ni mtu anajigeuza kitandani.

Mama Mchanga alikuwa ametega sikio ndani. Hata kahawa hakuionja.

— Profesa, itapanda lakini? Maana dada akiondoka hakuna mwingine anayejua, mimi nimefundishwa kubadilisha zamu tu, nani yupo nani hayupo, basi, ikikwama leo nitaanzia wapi mimi?

— Itapanda, mwanangu. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa hapo ndipo unanitisha, maana tuna haraka.

Dirisha likafunguka, mwalimu akatoa kichwa, nywele zimesimama kama aliyezivuta mwenyewe.

— Jamani, bando langu linasuasua, picha hazipandi na bila picha ukurasa haukai. Nahitaji wifi hapa, sasa hivi. Isiyokatika.

Dirisha likafungwa. Mama Mchanga akainuka, akakaa, akainuka tena. Bi Kahawa yeye hakupoteza muda, akachomoa simu kwenye kanga, akasogea pembeni kupiga. Neno "isiyokatika" alilisikia, akamsamehe mwalimu, haraka humfanya mtu amtaje mwenzake kama kahawa.

— Nimempigia wifi wangu, alisema akirudi. Yule mke wa kaka. Ila wa kutokatika sijui, maana harusini yule akisikia ngoma, kiuno hakina breki.

— Wifi wa kazi gani? aliuliza Fundi Paa.

— Mwalimu ndiye kasema. Labda kuna kushika shika.

— Ni sawa kabisa, alisema Profesa. Jambo la kizazi huwezi kulifanya bila wifi. Kitovu, nimewaambia.

Wifi mwenyewe, mshonaji wa nguo, akafika anahema, tepu shingoni, kipande cha chaki bado mkononi.

— Wifi, nimeacha gauni la watu mezani. Haya, nimekuja. Nifanye nini?

Dirisha likafunguka tena. Mwalimu, aliyeyasikia hayo, alijishika mdomo, ikawa kama anacheka na kama analia.

— Samahani sana, Bi Mshonaji. Mimi nilitaka ile ya simu.

— Ya simu ninayo. Mwanangu kaninunulia bando hata sijui la kupikia nini.

Simu ikapokewa dirishani, ikabonyezwa hapa na pale mpaka intaneti yake ikaanza kupita kwenye kompyuta. Mshonaji akaambiwa akae na simu hapo hapo dirishani, mkono juu, asitikisike.

— Basi nguzo imepatikana, alisema Fundi Paa taratibu.

Picha zikaanza kupanda. Mwalimu aligeuza kompyuta, ikatazama benchi.

Wakainamia kioo. Kulikuwa na barabara yao, ile ile yenye dimbwi. Fundi Paa alijiona kwenye orodha ya wenye gari, na gari lake bovu lile likapendeza ajabu, akalisoma jina lake kwa sauti ya chini kama anasomewa na mtu mwingine. Profesa alivua kofia, asijue amevua. Bi Kahawa alishika birika hewani bila kumimina.

Mama Mchanga alisoma mstari mmoja tu. Zahanati ya sokoni: iko wazi, muuguzi yupo.

— Yupo kweli, au imeandikwa tu?

Hakungoja jibu. Akaifungua kwenye simu yake mwenyewe, akagusa namba ya zahanati, na benchi zima likasikia ikiita, kisha sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyeketi mahali pake.

— Zahanati. Nani anaumwa?

Mama Mchanga aligeuza shingo. Mgongoni mtoto alikuwa mzima, pumzi ndefu ya usingizi mzito ikimpiga mama shingoni. Akamtazama dada yake, dada akamtazama Profesa, na Profesa mwenye maelezo ya dunia nzima akatazama chini.

— Haloo? Nani anaumwa?

Mama Mchanga aliishika simu kwa mikono miwili.

— Haya, ilisema sauti. Mimi nipo. Ukiwa tayari, sema.