Kesi ya Binti wa Fundi Makochi

Benchi la pale kona, mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, lina miguu mitatu yake na wa nne wa kuazima, nao ni tofali. Mwenye jukumu la kulitengeneza ni Fundi Makochi, ambaye karakana yake inatazamana nalo, na ambaye hulikalia kila siku akisema kesho. Asubuhi hiyo alilikalia kabla Bi Kahawa hajatua hata birika. Alikaa upande, mgongo ameupa kituo cha basi, na kila gari likipunguza mwendo nyuma yake alikohoa. Basi la wanafunzi waliokuwa kambi ya mdahalo lilitarajiwa kabla ya adhuhuri. Binti yake alikuwa ndani ya basi hilo, na Fundi alikuwa ameshaapa, kikombe kwa kikombe, kwamba hampokei.

—Humpokei nani? aliuliza Spika, mwenye duka la vipuri, mtu ambaye akiongea na jirani kwa simu, jirani huweza kukata simu na bado akasikia. —Mtoto wa kumzaa mwenyewe?

—Simpokei. Miguu anayo, mdomo anao. Mdomo hasa! Basi huo mdomo ndio umbebee sanduku.

—Na mama yake?

—Mama yake yuko kazini. Kaniambia, "Kampokee mwanao, na uso huo uuache nyumbani." Niuache wapi mimi uso huu? Ninao huu mmoja tu.

Wakili akacheka peke yake. Huyu alikuwa karani mstaafu wa stoo ya saruji. Jina la Wakili alilipata hapo hapo benchini kwa sababu ya ubishi, maana mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama shahidi, na hakimu akamwambia akae chini.

—Mimi nilikuonya, alisema Wakili. —Kambi ya mpira naijua. Kambi ya jeshi naijua. Kambi ya kubishana ndiyo ipi? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

—Hiyo inaingiaje hapo?

—Inaingia. Wewe tafakari tu.

—Wiki mbili! Fundi alisema, hakutaka kutafakari. —Likizo hii wenzake wamelala, wamenenepa. Yeye anaamshwa alfajiri anafundishwa kubishana. Anabana penseli kwenye meno, anasoma gazeti kwa sauti, eti ulimi uwe mwepesi. Akizidisha muda wanampigia kengele. Na mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka! Sanduku nilibeba begani, nikijisifu njia nzima.

—Ulimi mwepesi kwa mtoto wa shule! Spika alishangaa. —Si hatari hiyo?

—Wa kwako ulilainishwa na penseli gani? aliuliza Bi Kahawa, akimjazia.

Ilibidi Fundi aeleze upya, kwa mara ya ngapi hata yeye hakumbuki, yaliyomkuta siku ya wazazi. Alieleza huku akijipiga goti, maana kila akifika katikati hasira ilimrudia ikiwa mbichi.

—Jumamosi nikavaa koti langu. Nikafika ukumbini, nikakaa mstari wa nyuma. Kiti chenyewe mikanda imelegea, ukikaa unazama. Akapanda mwalimu mmoja anaeleza taratibu zao, kirefu hicho! Mimi nikainama naangalia chini ya kiti. Jamani! Mtu kapiga misumari ya mabati kwenye kiti cha kitambaa. Ya mabati! Nikasema huyu fundi angekuwa hapa ningemchapa. Nainua kichwa, namwona binti yangu yuko jukwaani.

—Mwenye bahati, alisema Bi Kahawa.

—Ngoja kwanza. Mada imeandikwa ubaoni: Ufundi wa mikono umepitwa na wakati, vijana waachane nao. Na yeye yuko upande gani? Wa kuunga mkono! Binti wa fundi!

—Labda alisema kwa upole.

—Kwa upole? Fundi alisimama, akaweka mikono nyuma kama alivyomwona binti yake akifanya. —"Ndugu mwenyekiti, fundi wa mtaani anakuahidi Ijumaa. Ijumaa ya mwezi gani, hasemi."

Spika akapaliwa.

—Unacheka?

—Sicheki, kahawa imepita pabaya.

—"Ukienda Ijumaa, sponji imeisha. Ukienda Jumatatu, sponji ipo, kitambaa hakijafika. Siku vikikutana vyote viwili, fundi yuko msibani." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wazima, na tai zao, wanapiga makofi!

—Msibani, alirudia Wakili taratibu. —Kumbe. Maana kiti changu kiko kwako tangu mvua zile, na kila nikija uko msibani. Mimi nilikuwa nakupa pole! Nimekupa pole za ukoo mzima!

—Wakili, leo hatuzungumzii kiti chako.

—Sizungumzii kiti. Nazungumzia ushahidi.

—Na lile tandiko la baiskeli yangu ulilosema utalivisha ngozi, Spika aliingiza, sasa akicheka waziwazi. —Mtoto kasema kweli bwana!

Fundi akaketi. Tofali likayumba, na benchi zima likayumba nalo. Hapo ndipo palipomkera kuliko pote. Alikuja kutafuta watu wa upande wake, akakuta kijiwe kizima ni wadai. Angesema nini? Kwamba binti huyo huyo, alipokuwa hajaanza shule, alikuwa akikaa kwenye marobota ya vitambaa na kumpokeza misumari mmoja mmoja, na akikosea kumpa mrefu alikuwa akijigombeza mwenyewe? Kwamba alipomsikia ukumbini hakuona aibu ya watu bali maumivu, maumivu hasa, na alitamani kuiingiza mikono yake mifukoni ili asiione? Mambo hayo hayasemwi mbele ya Spika. Yakisemwa, jioni yameshafika sokoni.

—Tulia, mwenzangu, Wakili alimpoza. —Akutukanaye hakuchagulii tusi.

—Huyu alichagua! Alichagua vizuri kabisa! Kwanza, pili, tatu, na mfano juu!

—Basi mimi nakwambia kitu, Spika alisogea, na alipojaribu kunong'ona wapita njia wawili waligeuka. —Hukujiuliza kambi ile inafadhiliwa na nani? Viwanda vya makochi! Wanamchukua mtoto wa fundi, wanamlainisha ulimi, anawaulia fundi.

—Lakini siku nyingine walijadili sare za shule.

—Viwanda vya sare!

—Na siku ya kwanza walijadili kama mbwa wafugwe mjini.

—Na mbwa wana watu wao, alisema Spika.

—Si viwanda, Wakili alikata. —Hili ni jambo la sheria. Wanazoezwa kurithi. Mtoto akikushinda kwa hoja tatu, mbele ya mashahidi, na kengele ikagonga, unadhani nini kimebaki? Nyumba imekwenda. Wewe bado umekaa unasema "mwanangu kaongea vizuri", kumbe umeshahama.

—Wapi imeandikwa hivyo?

—Mambo mazito hayaandikwi.

—Kwa hiyo nifanyeje? aliuliza Fundi, na hata yeye alijishangaa kuuliza swali hilo mbele ya watu wale.

Wakaamua kumzoeza. Ikiwa watoto wana kambi, wazazi nao wawe na kambi, tena leo, kabla basi halijafika. Wakili akajiteua mwenyekiti. Spika akabana kijiko kwenye meno kuonyesha namna ya kulainisha ulimi, akatamka neno lililomrushia kahawa Wakili shatini. Bi Kahawa akaombwa awe binti. Akakataa. Akaombwa tena. Akafuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya Fundi, akainamisha kichwa kidogo.

—Shikamoo, baba.

—Marahaba, mwanangu, alijibu Fundi, na sauti ikamtoka laini kabla hajaizuia.

—Umeshashindwa! Spika alipiga kelele, kijiko kikaruka. —Huyu hafai! Hata hoja ya kwanza hatujafika!

—Sijashindwa! Nimeitikia salamu tu! Salamu si hoja! Fundi alikuwa amesimama tena. —Sikieni, na mniwie mashahidi nyote. Simpokei. Sanduku sibebi. Na jukwaani hapandi tena. Wamemchagua kwenda kushindana na shule nyingine muhula ujao, na karatasi ya ruhusa inaningoja mimi. Sitii sahihi. Atakaa kimya nyumbani mpaka ulimi urudi saizi yake.

Hapo benchi likapoa. Hata Spika hakulipenda hilo, akaanza kukwangua madoa ya kahawa kwenye kikombe kwa kucha. Lakini nani atamwambia mtu namna ya kumlea mwanawe?

Ndipo alipofika mwanamke mmoja, mgeni pale kona, amevaa sweta juu ya sare ya uuguzi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka zamu bila kulala.

—Hamjambo hapa? Samahani, basi la watoto wa mdahalo linasimama hapa hapa?

—Hapa hapa, ng'ambo ya barabara, dada. Karibu kahawa, alisema Bi Kahawa, akamsogezea kigoda.

—Asante. Kijana wangu yumo. Siku ya wazazi sikwenda, zamu zilinibana. Ameninunia, huyo!

—Una bahati hukwenda, alisema Spika, akamsimulia kesi yote tangu kiti kilichozama mpaka fundi aliyeko msibani. Aliisimulia vizuri, na viwanda akaviweka. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi. Kisha akamgeukia Fundi.

—Pole, kaka. Inauma. Na kipindi cha pili alisema nini?

—Kipindi gani cha pili?

—Baada ya chai. Si wanabadilishana? Aliyeunga mkono anapinga, aliyepinga anaunga mkono, mada ile ile. Na upande wa kuanzia hawachagui, wanapangiwa kwa kura ya bahati. Kijana wangu kanichosha nalo hilo kwenye simu, ndiyo kambi yao nzima hiyo. Anasema mwalimu huwaeleza wazazi mwanzoni kabisa. Ninyi hakuwaeleza?

Wakili alifungua mdomo.

—Wahenga walisema...

Wakasubiri. Wahenga hawakusema kitu.

—Fundi, Bi Kahawa aliuliza polepole, —chai uliinywa?

—Chai? alisema Fundi. —Chai niliwaachia. Makofi yalipopigwa niliondoka. Nilimwambia mlinzi wa getini anifungulie upesi.

—Kwa hiyo alisema nini?

Spika alimtazama Wakili. Wakili alilitazama tofali. Bi Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha muuguzi, na hakukutoka kitu ila masimbi ya kahawa.

Fundi alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka. Mwalimu alisimama pale, kwa kirefu chote kile, anaeleza, na yeye ameinamia misumari ya mtu mwingine! Halafu simu. Kila siku tangu Jumamosi simu ililia, akaiacha ilie juu ya meza ya kukatia vitambaa, akajiona mwanamume.

Honi ililia nyuma yake. Alipojitambua alikuwa ameshavuka barabara.

Binti alishuka wa nne, amekonda kidogo, sanduku analivuta kwa mikono miwili. Alipomwona baba yake hakukimbia, wala hakutabasamu.

—Shikamoo, baba.

—Marahaba. Lete hilo.

Akalichukua sanduku. Wakasimama pembeni, wengine wakishuka na kukumbatiwa.

—Kipindi cha pili ulisema nini?

—Baba, nimekupigia wiki nzima.

—Najua. Ulisema nini?

Binti alivuta pumzi kwa kero, akatazama pembeni.

—Nilianza na wewe. Nilisema, "Ndugu mwenyekiti, wenzangu wana hoja tatu. Mimi ninayo moja, nayo imekaa mstari wa nyuma. Baba, simama, waonyeshe mikono." Watu wote wakageuka.

Fundi alingoja, ingawa alishajua.

—Wakaona kiti kitupu, alisema binti.

—Ukafanyaje?

—Ningefanyaje? Kengele haisubiri mtu. Nikaendelea, lakini nusu yake nilishasahau. Tulishindwa.

Fundi hakusema pole. Alijua pole isingetosha, na pengine ingemkera zaidi. Alilipandisha sanduku begani, akamshika mkono kama wakati ule wa kuvushwa barabara, akampeleka moja kwa moja mpaka kona. Spika akasimama kupisha. Wakili akajisogeza mwisho kabisa. Fundi akatua sanduku, akaketi katikati ya benchi, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu, na makovu yake yote ya sindano.

—Haya, nimekaa. Kiseme kile kipindi cha pili. Chote, na ile nusu iliyosahaulika.

Binti aliwatazama mmoja mmoja, kijiko kilichoanguka, shati lenye kahawa, tofali.

—Hapa, baba? Mbele ya hawa?

—Hapa hapa. Hawa ndio niliokushtaki kwao.