Visima Vilivyokikwamua Chuo Chetu

Wakristo wenzangu, Bwana asifiwe. Waislamu ndugu zangu, asalaam aleykum. Na wazee wangu mlioketi huku mbele, shikamooni.

Mama Mwenyekiti alinipigia simu akaniomba nije nitoe ushuhuda wa kufurahisha kidogo, maana mkutano uliopita mlilia sana hapa. Nikamwambia nitajaribu. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema msije mkashangaa: jambo langu limeisha vizuri, ila mimi bado nina hasira. Mtanisamehe. Sitamtaja mtu wala ofisi. Anayejijua, anajijua.

Wengi mnanifahamu. Naishi hapo Masuguru, kwetu ni milimani, Usambara, na kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu. Nafundisha mambo ya maji na udongo. Nimesoma mpaka watu wakaanza kuniita Dokta, na kuna bibi mmoja jirani aliwahi kuniletea goti lake nilitazame. Nilimweleza kwamba mimi ni dokta wa maji. Akaondoka ananung'unika kwamba serikali inapoteza pesa.

Cheka tu, mama. Hata mimi siku zile nilikuwa bado nacheka.

Chuo chetu hakikuanguka kwa kishindo. Kilianza kama mtu mwenye kikohozi. Mara karatasi za mitihani hazipo, tukawa tunaandika maswali ubaoni. Mara umeme wa LUKU umeisha na hakuna wa kununua, maabara yangu ikawa giza, nikaifunga kwa kufuli. Mshahara ukawa nusu, halafu ukawa maneno. Wakubwa walikuwa wamekodi majengo ya gharama na kufungua masomo ambayo hakuna mtoto wa huku aliyeyaomba, kwa hiyo ada za wanafunzi zikawa zinaishia kwa wenye majengo. Wasimamizi wa vyuo walipokuja kukagua, wakatuzuia kupokea wanafunzi wapya. Sasa chuo kisichokuwa na mwaka wa kwanza, ndugu zangu, kinangoja nini? Kinangoja waliobaki wamalize kifungwe.

Kila kikao tuliambiwa tuvumilie. Wanaotuambia wanashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, wanatuambia mvumilivu hula mbivu, wanapanda gari wanaondoka. Ile methali zamani nilikuwa naipenda. Siku hizi mtu akiianza, natafuta pa kupitia.

Nikahama nyumba niliyokuwa nimepanga, nikaingia chumba kimoja. Muuza duka niliyezoea kumlipa kila mwisho wa mwezi akaniuliza mbele ya watu, "Dokta, hata wewe?" Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Na mama yangu mzazi, ambaye hajui kusoma, akawa ananitumia ndizi na viazi kwa basi. Naenda stendi kupokea kiroba, nimevaa miwani na viatu vya kazini, nakibeba huku natazama chini. Mtoto ndiye anayepaswa kumtumia mzazi. Mama hakuniuliza hata mara moja kumetokea nini. Alikuwa anatuma tu.

Tuliokuwa tunafundisha tukaanza kupungua. Jirani yangu wa ofisini, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kuliko sisi wote, alichukua vitabu vyake akarudi kwao kulima. Hakutuaga. Tulifika asubuhi tukakuta meza tupu.

Na hapa kwenye kikundi nikaacha kuja. Mlidhani nimewadharau. Hapana. Nilikuwa naona aibu kukaa na watu ambao kila mmoja ana mchango wa kuweka mezani, mimi nina shahada.

Sasa kuna mwenzetu mmoja, yupo hapa, ameshainamisha kichwa. Usijifiche, dada, nimesema sitaji majina. Yeye anakaa hapa Kilole lakini shamba lake liko Misima. Alikuja kwangu, akakaa juu ya ndoo kwa sababu kiti nilikuwa nacho kimoja. Nilijua ataniambia nivumilie, nikawa nimeshaandaa jibu baya. Hakusema hivyo. Aliuliza, "Wewe si mwalimu wa maji?"

Nikamjibu, "Kwa jina."

"Basi njoo Misima. Kijiji tumechimbiwa kisima kipya, na maharage hayaivi."

Nilikasirika. Mimi nahangaika na unga, yeye ananiletea habari za maharage. Lakini akaeleza kwamba wanawake wamekikataa kisima, wanasema kina laana, wanarudi kuchota kile cha zamani bondeni chenye maji laini. Nikaona ni afadhali kwenda kuliko kukaa kutazama ukuta.

Nikawachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, wachache waliobaki, na vile vifaa vidogo vya kupimia maji vinavyotumia betri. Tukapewa nafasi kwenye gari lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi. Tulipima kisima kipya, tukapima na kile cha bondeni, tukarudi tena kupima kwa uhakika, maana jambo lenyewe halikuwa la kubahatisha.

Kisima kipya maji yake ni magumu, yana chokaa nyingi. Ndiyo maana maharage hayaivi na sabuni haitoi povu. Lakini ni safi. Yale matamu ya bondeni, yaliyopendwa na kila mtu, yalikuwa na kinyesi cha mifugo. Zizi lilikuwa limehamishiwa juu yake, na mvua ikinyesha kila kitu kinateremkia humo. Palikuwa hapaonekani kitu kwa macho. Maji meupe kabisa.

Tuliwaeleza watu mkutanoni. Wazee wakasemezana Kizigua kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mama mmoja amempakata mtoto wake, kichwa kikubwa, miguu myembamba, ametoka kulazwa kwa kuharisha, na si mara ya kwanza. Aliniangalia akasema taratibu, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namnywesha."

Nimefundisha miaka mingi, nimeulizwa maswali magumu na maprofesa. Lile halikuwa hata swali. Nikakaa chini karibu yake.

Hasira yangu, ndugu zangu, ilizaliwa upya pale. Zamani nilikasirika kwa ajili ya tumbo langu. Siku ile nilikasirika kwa sababu chuo kipo Korogwe, kisima kipo Misima, na katikati ni barabara tu. Vifaa vilikuwa kabatini wakati wote mtoto yule anaumwa. Sisi tunalia hatuna kazi, wao wanalia hawana maji, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Wafugaji na wakulima walikaa wakakubaliana zizi lihamishwe, na jambo hilo wala halikuwa jepesi, walirushiana maneno mpaka jua likazama. Kisima cha bondeni kikafungwa. Maharage tukawashauri wayapike kwa maji ya mvua wakiyapata, la sivyo wayaloweke sana. Diwani mmoja, mwanamke, alikuwapo. Akanishika mkono akaniambia vijiji vyake vingine vina shida hizohizo, na sampuli za maji zikipelekwa mbali kupimwa, majibu yanarudi mafundi wa visima wameshaondoka. Akaniuliza kwa nini chuo na halmashauri wasifanye kazi pamoja.

Nikarudi chuoni nimejaa moto. Mkubwa wetu wa wakati ule alinisikiliza huku anatazama simu yake. Akasema chuo kikuu hakiwezi kugeuka kampuni ya visima. Chuo kisicho na umeme, mnanisikia? Kinachagua kazi.

Nikaenda halmashauri. Sitasema ipi. Nikakaa kwenye benchi. Mhusika yuko semina. Nikarudi. Mhusika amehamishwa. Nikarudi. Mhusika mpya bado hajakabidhiwa ofisi. Nilifika mahali mlinzi akawa ananiwekea nafasi upande wa kivulini. Nilitamani kupiga kelele. Siku moja nilitoka pale nikaingia nyuma ya jengo nikalia, nikajifuta, nikarudi kukaa, maana basi la kurudi Korogwe lilikuwa bado.

Yule diwani hakuniacha. Alikuwa akinipigia kuniuliza nimefikia wapi, na mimi nikijibu kwa ukali, hakujali. Kisha chuoni akaletwa mkubwa mwingine. Huyu siku ya kwanza aliomba aonyeshwe kila kitu tulichonacho ambacho hakitumiki. Nikamfungulia ile kufuli. Alizunguka maabara kwa tochi ya simu, akagusa mashine moja moja, akaniuliza nani anaihitaji hii kazi huko nje. Nikamtajia vijiji. Diwani akatupatia nafasi mbele ya baraza la madiwani, na mkubwa wangu akaniambia nizungumze mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda.

Nilieleza. Chuo kitapima visima vyote, wanafunzi watafanya mafunzo yao kwa vitendo huko kwenye kata, na watumishi wa halmashauri watasoma kwetu mwisho wa wiki. Halmashauri italipia kazi itakayofanyika, na itatupa tutumie ile kambi ya zamani ya wakandarasi wa barabara, ambayo imekaa tupu inaota majani, ili tuache kupanga majengo ya watu. Nilipomaliza, akasimama diwani mmoja mzee. Hakufoka. Alisema, "Ninyi wasomi mko hapo Korogwe miaka yote, hatujawahi kuwaona. Leo mmekuja kwa sababu mna njaa."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mkubwa wangu akaanza kukohoa ili aniokoe. Mimi nilikuwa nimechoka kuokolewa kwa kikohozi. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Ni kweli, tuna njaa. Na ninyi mna kiu. Tusaidiane."

Halafu yule mzee akaitikia marahaba, akaketi, akasema basi na kata yake iandikwe. Ndipo wengine wakaanza kuuliza maswali ya maana: tutaanza lini, kata ipi kwanza, gari litatoka wapi.

Nawaambia kweli, sikutoka pale nikiruka. Wanasheria walichukua mkataba wakauweka, ukarudi una marekebisho, ukaenda tena. Tulifyeka nyasi za ile kambi wenyewe, walimu na wanafunzi, tukaua nyoka, tukapaka rangi. Lakini tuliacha kulipa kodi ya pango, na kazi ya visima ikaanza kuingiza kitu, na watumishi wakaja kusoma wakalipiwa ada zao. Wakaguzi waliporudi, wakaturuhusu kupokea wanafunzi wapya. Niliingia darasani nikakuta mwaka wa kwanza wamejaa mpaka mlangoni, nikasahau nilichokuja kufundisha.

Mshahara sasa unakuja kwa wakati wake. Malimbikizo yanalipwa kidogo kidogo, mengine sijui kama nitayaona. Nilimpigia yule mwenzangu wa hesabu, nikamwambia rudi, chuo kimesimama. Akasema, "Dada, nimefurahi sana. Lakini mimi nimeshapanda migomba yangu." Hajarudi. Tulimpoteza mwalimu mzuri kwa kitu ambacho kingeweza kuzuiwa, na mpaka leo katika wote waliotuambia tuvumilie, hakuna aliyekuja kusema samahani. Hilo ndilo linaloniweka na hasira. Naomba mniombee kwa hilo, kila mtu kwa imani yake.

Nina shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yule aliyekaa juu ya ndoo. Namshukuru diwani aliyevumilia ukali wangu, na mkubwa aliyeshika tochi. Nawashukuru wanafunzi waliobaki wakati kuondoka kulikuwa ndiyo akili. Namshukuru mama yangu. Mwezi huu nimempelekea mwenyewe, mkono kwa mkono, sukari na kitenge, na hakuuliza kitu, alinitandikia mkeka tukala. Nanyi wa kikundi, mliniwekea nafasi yangu bila kuniondoa, nawashukuru sana.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu akikwama, msimkimbilie na neno vumilia. Mwulizeni ana nini mkononi, na nani jirani yake anakihitaji. Halafu nendeni naye mpaka kwenye hilo benchi. Mimi ningekuwa na mtu mmoja wa kukaa naye pale, nadhani nisingelia nyuma ya jengo.

Kwa hiyo, Mama Mwenyekiti, naomba dakika zangu zilizobaki nisizitumie. Najua humu ndani kuna mtu ambaye jambo lake limekwama ofisini na ameona aibu kulisema. Asimame alieleze. Kesho mimi sina kipindi, nitakwenda naye.