Kadi Elfu Mbili Kwenye Ngazi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Hatumsingizii, wasikilizaji wapendwa. Alilisema mwenyewe kwa miaka hamsini: harusini, darasani, hata kitandani hospitalini. "Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na mashahidi wapo." Leo tunamkumbuka Mzee Kadi, mtunzi wa programu za kompyuta, aliyefariki Ijumaa iliyopita akiwa na miaka themanini na moja.

Mzee Kadi. Jina hilo alilipataje?

Enzi hizo kompyuta ilijaza chumba kizima, na ukitaka kuiamuru, ulitoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kila kadi agizo moja. Programu yake ya kukokotoa matokeo ya mitihani ilikuwa na kadi elfu mbili. Elfu mbili, wasikilizaji wapendwa, na zote kwa mpangilio! Moja ikiruka foleni, mashine inababaika kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Aliyezitoboa alikuwa dada mmoja mpole wa sura, mkali wa ulimi. Kila fungu la kadi mia mbili alilipiga mstari wa mshazari juu ya kingo, kutoka kona hii hadi ile, kila fungu na rangi yake. Kijana wetu, mwenye miaka thelathini na moja na maringo ya watu watatu, akamcheka.

"Dada, kadi nazo zinapakwa wanja? Zinaolewa lini?"

"Siku utakayozimwaga," dada akajibu bila kuinua macho.

"Mimi? Kwa mikono hii?"

Sasa sikilizeni. Mashine ililetwa kwa majaribio, na mkuu wa ofisi hakuipenda tangu ilipovuka mlango. Barua ya kuirudisha ilikuwa tayari mezani kwake. Matokeo yasipotoka kufikia saa kumi jioni, anatia sahihi. Mashine inaondoka, makarani wanarudi kujumlisha kwa mkono, na watoto elfu arobaini wanasubiri miezi mitatu mingine.

Saa nane mchana kijana akabeba boksi lake. Chumba cha mashine kilikuwa chini, yeye yuko ghorofa ya pili.

"Zifunge kamba kwanza," dada akamwambia.

"Kamba ni ya mbuzi."

Akashuka akipiga mluzi. Ngazi ya tisa mguu ukakanyaga hewa. Kadi zikaruka kama kumbikumbi, zikatawanyika hadi mlangoni kwa mlinzi.

Akaketi palepale. Baadaye alisema kilichomuumiza si goti, ni makofi yaliyosikika huko juu: mkuu alikuwa akipiga makofi, taratibu, peke yake. "Hongera, kijana. Makarani wangu mia moja, hakuna hata mmoja anayemwagika."

Dada akashuka, akapiga magoti sakafuni. "Unalia au unaokota?"

Akaokota. Nyekundu huku, bluu kule, kijani pale. Rangi ilisema kadi ni ya fungu gani. Mstari ulisema ikae wapi. Mstari ukikatika, kadi imekosea nyumba. Ukinyooka, majirani wamepatana. Zilizokaribiana mno dada alizisoma moja moja, mlinzi akiita zile za chini ya meza yake. Saa tisa na nusu zikatimia. Elfu mbili, bila kupungua hata moja!

Mashine ikazimeza. Kimya. Mkuu akatazama saa, akafungua kalamu. Saa kumi kasoro dakika nne, mtambo wa kuchapa ukanguruma. Jina, alama. Jina, alama. Karatasi ikajikunja sakafuni kama mkeka usio na mwisho. Mlinzi alirusha kofia hewani! Mkuu akachukua alama za mtoto mmoja, akazijumlisha kwa mkono wake. Sawa. Wa pili, sawa. Alipofika wa kumi, akaichana barua vipande vinne. Watoto elfu arobaini walipata matokeo wiki ileile.

Na mwaka uliofuata, aliyeolewa hakuwa kadi. Alikuwa dada, na aliyemwoa ni yule yule aliyezimwaga.

Mzee Kadi alifundisha mamia ya vijana baada ya hapo. Binti yake ametuambia: "Nilimletea habari za mashine hizi mpya zinazojibu maswali kama binadamu. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Safi sana. Na ikidondoka, mna nini?'"

Kwa mjane, watoto, wajukuu na wanafunzi wake wote: poleni sana, msiba wenu ni wetu. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: kazi tunayojivunia leo, nani aliipigia mstari wakati sisi tunamcheka? Je, tulimshukuru?

Tunakiri pia kwamba nusura msiisikie simulizi hii. Juzi sebuleni kwa marehemu, kinasa sauti chetu kikiwa kimewashwa, kaka yake mkubwa alikuja juu.

"Shemeji, mtu ana medali ukutani! Mnamtangaza redioni kwa kuanguka ngazi? Mnauaibisha ukoo mzima."

Mjane akaweka kikombe chini, akamtazama.

"Kadi humwagwa na aliyezibeba, shemeji. Wewe umebeba nini?"