Mwaka wa Siku Mia Nne Arobaini na Tano

Mheshimiwa Mwenyekiti wa ukumbi wetu, Bwana Jalaludin. Mwalimu wetu mpendwa Bi Domina, unayetuaga leo. Wazee wetu mliobadilisha mabasi mawili matatu hadi kufika hapa Flemingdon Park, Toronto. Ndugu wageni waalikwa. Wanadarasa wenzangu wa Jumamosi. Na nyinyi watoto mlioanza sambusa kabla ya dua, nimewaona: salaam aleikum, na msioitikia hivyo, habari za mchana.

Mimi naitwa Sabika. Nimeombwa niseme maneno machache, na Mwenyekiti alinikazia macho alipofika kwenye neno "machache".

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kumwona mwalimu anayefundisha mwaka mmoja kwa miaka kumi na mmoja? Sisemi darasa la mwaka mmoja. Nasema mwaka wenyewe, mmoja, uliopita zamani sana: mwaka wa arobaini na sita kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, huko Roma. Tangu mwaka 2000 Mwalimu Domina amekuwa akitoka kwake kila Jumamosi na begi la karatasi, anabandika ukutani kisanduku kimoja tu, siku moja ya mwaka ule, na anatueleza kwa Kiswahili nani alipigana, nani alikula nini, sikukuu gani iliangukia wapi.

Kwa nini mwaka ule? Kwa sababu ulikuwa na siku mia nne arobaini na tano. Kalenda ya Waroma ilikuwa imeharibika, imeachana kabisa na majira, sikukuu za mavuno zinafika nafaka ikiwa bado mbichi shambani. Mtawala wao, Julio Kaisari, akaamua kuirekebisha kwa mkupuo mmoja. Mwaka ule ukaongezwa siku tisini. Mwezi mzima ukaingizwa baada ya Februari, na miezi mingine miwili kabla ya Desemba. Hebu fikirieni kodi ya nyumba.

Sasa tatizo likawa hili. Darasa letu la Kiswahili linaanza Septemba na kufungwa Juni, na mwaka wa siku mia nne na ushei haukubali kumalizika kirahisi. Dada Nyanchama, ambaye yuko darasani mwaka wa sita huu, alisimama siku moja akasema, "Mwalimu, huu mwaka utaisha lini jamani? Mimi nimezaa watoto wawili na bado tuko Novemba!" Mwalimu akamjibu, "Utaisha ukiacha kuchelewa."

Tusifiche, darasa lilikuwa na raha zake. Ni mwaka huohuo twiga alionyeshwa Roma, na watu wakashindwa kumwelewa, wakasema huyu ni ngamia aliyechanganyika na chui. Mwalimu, ambaye ni Mtanzania wa kutwa kucha, alilichukulia jambo hilo kama tusi la familia. Tena ni yeye aliyetufundisha kwamba Waroma walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama sisi tunavyosema saa moja, saa mbili. Watoto wangu, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, siku hiyo walirudi nyumbani wakabadilisha saa ya jikoni. Mume wangu alichelewa kazini siku mbili.

Lakini sikusimama hapa kwa ajili ya twiga. Nimesimama kwa sababu nina deni la shukrani kwa mama huyu, na ili mlielewe lazima niseme jambo la aibu kidogo. Kaka yangu Wasi amekaa pale nyuma karibu na mlango wa jiko, na nimemwomba ruhusa. Alisema, "Sema, lakini usinilize mbele za watu."

Mama yetu, Marehemu Tahera, alifariki hospitali, hapahapa Toronto, mwezi Februari mwaka 2004. Karatasi ya hospitali imeandika Jumatano, tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili na robo jioni. Kaka Wasi akasema, basi ni Jumatano. Mimi nikasema hapana, jua lilikuwa limeshazama, na kwetu sisi jua likizama siku mpya imeingia. Mama amefariki Alhamisi. Tungeweza kukimbilia kalenda ya mwezi mwandamo, lakini na huko tulitofautiana kwa siku ileile moja.

Mnacheka, lakini tuliendelea hivyo miaka saba. Kila Februari kaka anasoma khitma ya kumrehemu mama tarehe kumi na moja, mimi nasoma tarehe kumi na mbili. Wajomba wanakula biriani usiku mbili mfululizo, na wanatakiwa kusema ya nani ilikuwa tamu zaidi. Na jiwe la kaburi la mama, ndugu zangu, mpaka leo lina jina tu. Halina tarehe. Hatukukubaliana tuandike nini, kwa hiyo mama amelala miaka saba kama mtu asiyejulikana aliondoka lini.

Mimi nilijiunga na darasa Septemba iliyopita. Mwezi wa tatu mwaka huu Mwalimu akaturudisha nyuma kwenye ule mwezi wa kwanza wa nyongeza, akatueleza kalenda ile iliharibikaje. Kumbe makuhani ndio waliokuwa na madaraka ya kuongeza mwezi. Rafiki yao akiwa kwenye cheo, mwaka unarefushwa. Adui akiwa kwenye cheo, mwaka unaachwa mfupi. Tukawacheka sana. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akauliza, "Na nyinyi? Hakuna kati yenu aliyewahi kuivuta siku upande wake?"

Masikio yangu yalipata moto. Kwa sababu mimi, ndugu zangu, sikupigania jua kuzama. Siku ile kaka alinipigia simu tangu mchana kuniita hospitali. Mimi niko Etobicoke, upande wa pili wa jiji, nikasema nimalize kwanza hili na lile, ndipo nikatoka, na theluji ikanikamata njiani. Nilifika hospitali saa moja kasoro dakika tano. Ikiwa mama alifariki Jumatano, basi alifariki siku ileile niliyoitwa nikachelewa. Lakini ikiwa siku ya Alhamisi ilishaingia, basi kuchelewa kwangu kulikuwa kwa siku iliyotangulia, nami naweza kusema siku aliyofariki nilifika mwanzoni kabisa. Hilo ndilo nililolipigania miaka saba kwa jina la dini.

Nilitoka darasani nikampigia kaka nikiwa kituo cha basi. Nikamwambia yote. Akasema, "Sabika, mimi nilijua. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Halafu, kwa kuwa ni Wasi, akaongeza, "Na biriani yako ndiyo tamu. Wajomba walikuwa wananidanganya."

Mwalimu Domina, wewe hukujua hayo hadi leo. Ulidhani unafundisha habari za Roma. Tunakushukuru kwa Jumamosi zako zote, kwa sauti yako, kwa ukali wako, na kwa kukataa kustaafu kabla hatujafika mwisho. Tazameni ukutani: leo asubuhi tumebandika Desemba ishirini na tisa, kisanduku cha mwisho. Karatasi zimezunguka ukumbi mzima, zimepita juu ya dirisha, zimekata kona ya jikoni. Mwaka umekwisha, Mwalimu. Nenda ukapumzike.

Jiwe la mama linachongwa wiki hii. Litaandikwa tarehe kumi na moja, na chini yake saa: kumi na mbili na robo jioni. Mimi ndiye niliyeomba saa iwekwe. Khitma ni moja, Februari kumi na moja mwakani, inaangukia Jumamosi, hapahapa. Tutaanza jua likiwa bado juu na tutakula likishazama. Nyote mmealikwa, na wajomba mtakula mara moja tu.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Kaka Wasi, mwakani natoka Etobicoke asubuhi.