Wasifu wa Marehemu Vaithilingam Nagappan, Mtia Kabari wa Gari la Mama (1949–2018)

Marehemu Vaithilingam alizaliwa tarehe 3 Februari 1949 hapa Melakkurichi, wilaya ya Tiruvarur, mtoto wa pili wa seremala Nagappan na mkewe Sivagami. Baba yake na babu yake walikuwa watia kabari wa gari la Mama, mungu wa kike wa hekalu letu.

Alisoma shule ya serikali ya kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1962. Siku moja alikadiria kwa jicho urefu wa ukuta wa darasa, akapatia, kisha akashindwa kueleza alivyopata. Mwalimu alimchapa akidhani ameibia jibu. Hakujitetea. Tabia hiyo alikuwa nayo maisha yote.

Alishika kabari mwaka 1966. Wanaovuta gari hilo la mbao kwa kamba mitaani, siku ya sikukuu ya Mama, ni mamia, lakini gari halina usukani. Anayeligeuza na kulisimamisha ni mtu mmoja anayetembea kinyumenyume mbele ya gurudumu linalomzidi kimo, akitupa kabari ya mkwaju chini yake. Kila mwaka, kabla kamba hazijakazwa, kamati ya hekalu humfunga mtu huyo kitambaa kichwani. Akifa hufungwa tena, na mwanawe hurithi kazi.

Tarehe 9 Juni 1974 alimwoa dada yangu Kamalambal. Maharusi walipokalishwa kwenye bembea, kama ilivyo desturi yetu ya harusi, nguzo moja ilianza kucheza. Bwana harusi aliteremka na nguo zake za hariri, akasukuma kigae cha kifuu cha nazi chini ya nguzo, akarudi kukaa. Shangazi yetu alisema, "Kamalam, umeolewa na kabari." Bembea haikucheza tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote mliopo hapa mnalijua. Mwaka 1992 Bwana Singaravelu, mwenye kinu cha mpunga, aliongeza baraza la nyumba yake kwenye kona ya Mtaa wa Mashariki, likaingia njia ya gari. Marehemu alimwendea.

"Bwana mkubwa, Mama hatapita hapa."

"Atajibana kidogo. Mbona wewe unapita na tumbo lako?"

Siku ya gari, tarehe 4 Aprili 1993, gurudumu la kulia lilipanda baraza hilo na kulibomoa lote. Hakuna aliyeumia. Wanawake waliokuwa wamekaa hapo walikuwa wametoka punde tu kwenda kunywa mtindi ng'ambo ya mtaa, kwa mwaliko wa dada yangu. Alipoulizwa, alisema kulikuwa na joto.

Kamati ilimwita marehemu. "Vaithilingam, ulikosea au ulikusudia?"

"Andikeni mtakavyo."

Angesema amekosea, mkono wake usingeaminika tena. Angesema amekusudia, angekuwa mvunja nyumba za watu. Kwa vyovyote, yeye na mwanawe wangepoteza kabari. Kwa kuwa hakukiri lolote kati ya hayo, kamati ilimwacha aendelee na kazi, ila bila kitambaa. Alitangulia mbele ya gari kichwa wazi hadi mwaka 2016. Watu walinong'ona kisimani na kwenye duka la chai. Hata nyumbani nilimsikia dada yangu akimtania, "Mikono hii haikosei, baba Arumugam." Naye akijibu, "Kunywa kahawa yako." Bwana Singaravelu alijenga baraza jipya kwenye mstari wa zamani. Gari halikuligusa tena.

Kisukari kilimwingia mguuni mwaka 2016, akakatwa vidole viwili, na mwanawe Arumugam akashika kabari kwa kibali cha muda. Baadaye figo zilichoka. Wiki ya mwisho hospitalini aliniuliza, "Shemeji, baraza la Singaravelu liko palepale?"

"Palepale."

"Basi sawa," akasema, akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Oktoba 2018, saa kumi na moja jioni.

Usiku huohuo kamati ilituma neno: hakuna kitambaa mpaka familia itamke kama alikosea au alikusudia.

Leo asubuhi Bwana Singaravelu alikuja na fimbo yake. Akamtazama marehemu, kisha akamgeukia dada yangu.

"Kamalam, mtindi ule uliwatosha wanawake wa mtaa mzima. Sufuria kubwa namna ile ulitoa wapi?"

"Niliazima kwa mkeo."

"Lini?"

Dada yangu alifuta macho kwa ncha ya sari. "Wiki moja kabla."

Tulidhani mzee atatukana. Akamwita mwenyekiti wa kamati aliyekuwa mlangoni. "Leteni kitambaa. Miaka yote hii mimi ndiye niliyevunjiwa, na mimi ndiye ninayesema. Mtu huyu hakukosea hata siku moja." Akaniona na karatasi hizi. "Andika hivyo. Hakukosea. Na uweke jina langu."

Nimeandika kama alivyosema.

Marehemu ameacha mjane, Kamalambal. Mwana, Arumugam, mtia kabari. Binti, Tamilselvi, aliyeolewa Mannargudi. Na wajukuu wanne. Jeneza litapita kona ya Mtaa wa Mashariki, na Bwana Singaravelu ameomba lisimame kidogo mbele ya baraza lake.

Sasa apumzike kwa amani, kitambaa kikiwa kichwani.