Matumbo ya Mbuzi na Safari ya Mheshimiwa

Benchi la Mama Amou liko kando ya barabara kubwa ya Kakuma, kabla hujavuka laga, ule mto mkavu, kuingia kambi ya wakimbizi, na tangu liwekwe hapo linaangalia kusini. Kusini ndiko Lodwar, na Lodwar ndiko misafara ya wakubwa hutokea, kwa hiyo wateja hawakuona kwa nini wakae wakitazama kwingine. Mwenye benchi, Nyandeng, hakuwa na haja na misafara. Yeye alikaa nyuma ya jiko lake la kahawa ya tangawizi, uso kaskazini, akiitazama njia inayotoka Lokichoggio, Loki kwa kifupi, na mpaka wa Sudan Kusini. Binti yake, Amou, alishika njia hiyo kurudi kwao Bor kumtafuta baba yake, akapiga simu mara moja kutoka Juba, kisha simu ikanyamaza. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Siku ya kuondoka alisema, "Nitakukuta palepale kwenye kahawa," na kwa neno hilo Nyandeng asingehama pale hata akifukuzwa kwa fimbo.

Na fimbo ilikuja kweli. Walifika watu na tingatinga wakitaka kuvunja vibanda vyote vya barabarani, na aliyesimama mbele ya tingatinga, khanga kiunoni, alikuwa Mheshimiwa Awoi, wakati huo mwakilishi wao wa wadi. Baadaye aliiacha siasa akaenda kufanya kazi Nairobi, watu wakabaki kumsimulia. Sasa wiki iliyopita alikuja kuwasalimu. Alikaa mchangani na wanawake wa soko, akala nyama kwa mkono, akaita watu kwa majina hata wale waliojificha nyuma, kisha akarudi Nairobi bila kutamka neno moja juu ya uchaguzi wa mwakani. Kunyamaza huko ndiko kulikojaza benchi.

— Yeye kunyamaza ni sawa, alisema Ejore, mwendesha bodaboda anayeitwa Gazeti kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Lakini mbuzi haikunyamaza.

— Mbuzi gani? aliuliza Lueth, fundi wa simu anayeitwa Satelaiti.

— Ile ya mapokezi. Mzee wa kusoma matumbo, ule mwaguzi, alitandaza yote kwa majani, mimi nikiwa hapo karibu. Akafuata utumbo moja na kidole. Halafu akasema, kuna mtu ilienda mbali. Sasa iko njia inarudi. Imechoka, lakini inarudi.

Satelaiti aliweka kikombe chini polepole.

— Ugavana, alisema. Wallahi, ugavana. Mtu hawezi kurudi kutoka Nairobi na uchovu wote huo kwa sababu ya wadi.

— Ngoja kwanza. Mzee alisema hiyo mtu inatokea kaskazini.

Hapo benchi zima lilimgeukia. Hata Guy, Mkongo aliyefundisha Kifaransa kambini na anayeitwa Profesa, aliacha kupuliza kahawa yake.

— Nairobi iko kusini, alisema Satelaiti.

— Ndio nashangaa.

— Usishangae, fikiria. Kila mtu anaanza kampeni Lodwar, si ndiyo? Wapinzani watamngoja huko na vipaza sauti vyao. Yeye atapita juu na ndege, ashuke Loki, aanze na wafugaji wa mpakani. Akitokea hapa ana watu nyuma mpaka vumbi linafunika jua. Huyu mama si wa kawaida.

— Si wa kawaida, aliitikia Gazeti, na alisema kwa heshima. Mimi aliniuliza pikipiki yangu bado inakula oili. Miaka yote hiyo, na anakumbuka pikipiki.

— Écoutez, musikilize, alisema Profesa. Nyie munafikiri kidogo. Kaskazini ya hapa ni inchi ingine. Mutu mwenye anatokea kwa inchi ingine haiko gavana. Miye naona hivi: banamutuma Juba kupatanisha bale wakubwa. Anabakalisha meza moja, vita inaisha. Dunia yote inamujua. Njo anarudi hapa sasa, amechoka juu ya kazi ya amani, na munamupa kiti ya presida.

Hakuna aliyecheka. Jinsi walivyompenda Awoi, hata hilo lilionekana ni jambo la kungoja tu, na Gazeti alikitazama kikombe chake kana kwamba amekwisha kuapishwa mtu humo ndani.

— Na nyuma yake iko kadogo, alisema. Mzee aliweka kidole hapo. Kitu kidogo inafuata yeye, imemshika nguo.

— Naibu, alisema Satelaiti.

— Naibu gani kadogo hivyo?

— Manaibu wote ni wadogo mpaka wapewe gari.

Nyandeng alicheka, akawaongezea kahawa.

— Mama Amou, wewe unacheka, alisema Gazeti, lakini hiyo mbuzi ungeiona. Nyeupe yote, sikio moja tu nyeusi. Hiyo si mbuzi ya kawaida.

Nyandeng alilijua sikio hilo vizuri. Mkimbizi haruhusiwi kufuga kambini, kwa hiyo mbuzi wake alikuwa akilelewa katika kundi la Akoru, Mturkana muuza mkaa, rafiki yake wa tangu walipogombania kivuli kimoja wakaishia kugawana. Wanawake wa soko walipochangia mapokezi, Nyandeng alimwambia Akoru amtoe yule wa sikio jeusi, iwe shukrani yake kwa mtu aliyemwachia mahali pa kumngojea mwanawe. Hakutaka jina litajwe, na halikutajwa. Sasa alifurahi kumsikia mbuzi wake akimpeleka Mheshimiwa ikulu.

Wakati huo alifika mzee mmoja mgeni, Lotiir, aliyekuja na mbuzi wa kuuza kutoka Lokori. Hakukaa kwenye benchi. Alishusha kigoda chake cha mkononi, kile ambacho mwanamume wa Kiturkana haendi mahali bila kukibeba, akakikalia.

— Ejok, alisalimu.

— Ejok-noi, waliitikia.

Akapewa kahawa, akaomba sukari zaidi, akawasikiliza wakimrudisha Mheshimiwa kutoka kaskazini kwa mara ya pili, safari hii na helikopta mbili. Walipopumua, aliuliza:

— Hiyo mbuzi ilikuwa ya nani?

— Ya mapokezi, alisema Gazeti.

— Mapokezi haina boma. Mwenyewe nani?

— Si ya Mheshimiwa?

— Alikuja nayo?

— Hapana, alichinjiwa.

— Basi yeye alikula nyama tu. Mbuzi inaongea mambo ya mwenye mbuzi. Wewe mtoto ya hapa, hujui hiyo?

Gazeti alijikuna shingo. Alijua. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu anachunga, lakini mapenzi ya Mheshimiwa yalikuwa yamelifukuza kichwani. Alimtazama Satelaiti, Satelaiti akamtazama Profesa, na Profesa akaitazama laga.

— Mwenye mbuzi sasa nani? Lotiir aliuliza tena, bila haraka.

Kahawa ilichemka ikamwagikia mkaa. Nyandeng hakuiona.

— Ilikuwa yangu, alisema.

Wote wakageuka.

— Akoru alikuwa ananichungia. Ni yangu.

Mzee aliweka kikombe chini.

— Uko na mtu ilienda mbali?

Nyandeng aliitazama njia ya kaskazini. Kila Jumapili mchungaji wake husema matumbo ni ya kupika, na yeye huitikia amina. Lakini sasa furaha ilimjia kwa nguvu hata akaiogopa, maana furaha ya namna hiyo ikikudanganya huinuki tena.

— Amou, alisema Satelaiti kwa sauti ndogo. Ni Amou.

Walikuwa wamelitaja jina hilo kila siku, kila walipoagiza kahawa.

— Kaskazini, alisema Gazeti. Halafu akakumbuka. Na kale kadogo...

Alipima kwa kiganja kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Profesa alivua kofia akaishika mapajani.

Nyandeng alijifuta uso kwa pindo la nguo. Birika lilikuwa limebakiza kikombe kimoja. Satelaiti alinyoosha chake kwa mazoea tu, kisha akakirudisha mwenyewe, kile cha mwisho kibaki cha Amou.

Gazeti ndiye aliyesimama kwanza. Alishika benchi upande mmoja, wenzake wakashika upande wa pili bila kuulizana, wakalizungusha mpaka likaipa Lodwar mgongo. Lotiir naye akainua kigoda chake, akakigeuza. Wakakaa, wanaume wanne na Nyandeng nyuma yao, macho yote kwenye njia ya Loki.

Lilitokea lori la mkaa. Walilitazama mpaka likapita.

— Iko ingine nyuma, alisema Profesa.