Tundu la Biskuti

Kaeni chini wanangu, na wewe Wilibrodi vua hiyo kofia ya kutembezea watalii, humu ndani hamna simba, kuna mama yako tu anakufa. Shamba la Rhotia nimeshaligawa na mipaka mnaijua. Kimebaki kile kikopo cha kukatia biskuti za sukari, mnachokikodolea macho kama fisi kwenye zizi la ndama.

Dorkasi, nimesomewa karatasi uliyobandika kwenye pakiti za biskuti unazouza: Iraqw ancient cookies, eti za tangu mababu. Babu yupi? Babu yako alionja sukari akiwa na mvi, akadhani ni dawa. Na kaka yako anawaambia wazungu lile tundu la katikati ni kreta ya Ngorongoro, very sacred, nao wanapiga picha, maskini. Mwongo akiwa mmoja hupumzika, ninyi mnapokezana.

Sista wa misheni ndiye aliyetufundisha biskuti za Krismasi ya kwao, mimi na Nosim, binti wa Kimasai, tulipokuwa wasichana wa jikoni kwake. Alipoondoka alituachia kikopo, bila tanuri, bila siagi. Nikaleta unga wa ngano ya Mbulumbulu, Nosim akateremka na kibuyu cha samli kutoka Ngorongoro, tukaoka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ule wa juu tukaupanga pembeni tu, kama wajinga, biskuti zikabaki mbichi katikati. Nosim akautoboa ubichi kwa kidole gumba, akaniambia, “Kula panapolika, Lukresia.” Tangu siku hiyo tunatoboa kabla ya kuoka. Hiyo ndiyo kreta yenu.

Na kila Krismasi sahani ya kwanza ilipanda kwa Nosim kabla mtu wa humu hajalamba kidole. Alipofariki mkaikata desturi hiyo, mkasema bintiye Nareyu si ndugu. Samli ya mama yake mliyokula ilikuwa ya paka?

Kikopo nampa Nareyu. Anayekitaka apande akakiombe, kofia mkononi, na karatasi ile ichanwe, liandikwe jina la Nosim.

Dorkasi, nainusa hiyo siagi ya dukani mikononi mwako. Kanawe. Kibuyu kiko chini ya kitanda, Nareyu alikileta Jumapili, ninyi mkiwa lodji. Kaoke leo hii. Sahani ya kwanza… ipande. Msionje.

Mungu awalinde, wapumbavu wangu… awape hata aibu kidogo. Wilibrodi, koleza jiko. Mkaa, mwanangu… ufike hadi katikati.